Kanisa la Mviringo la Preslav na Mikono Iliyolijenga

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, wanafunzi wa historia na wa ujenzi, mabibi na mabwana,

Mwaka 907, nchini Bulgaria, mtu aitwaye Tudor, mwana wa mtawa Doks, alimaliza kunakili kitabu. Kilikuwa na hotuba za Mtakatifu Atanasi wa Aleksandria dhidi ya wafuasi wa Ario, waliokana uungu kamili wa Kristo; hotuba hizo Askofu Constantine alikuwa amezifasiri kutoka Kigiriki hadi Kislavoni mwaka mmoja kabla. Kama walivyozoea kufanya wanakili, Tudor aliongeza maneno machache yake mwenyewe mwishoni. Alieleza kwamba kazi hiyo aliifanya kwa amri ya mtawala Simeon, kwenye mlango wa mto Ticha, mahali ambapo mtawala huyohuyo alijenga kanisa takatifu jipya la dhahabu. Aliongeza pia kwamba mwaka huohuo, tarehe 2 Mei, siku ya Jumamosi jioni, Boris baba yake Simeon aliaga dunia. Maandishi hayo yametufikia kwa nakala za baadaye, na ndani yake kanisa limetajwa kwa maneno machache tu, kama mtu anavyoitaja nyumba ambayo majirani wote wanaijua. Miaka zaidi ya 1,000 baadaye tumebaki kuulizana kanisa hilo lilikuwa wapi.

Jibu ambalo Wabulgaria wengi hulitoa ni magofu yaliyo kwenye kilima kidogo nje ya ukuta wa mji wa ndani wa Preslav, kaskazini mashariki mwa nchi yao, si mbali na mji wa Shumen. Magofu hayo huitwa Kanisa la Mviringo, na wengi huyaita pia Kanisa la Dhahabu. Nimekuja kuyazungumzia kwa sababu naona yanasifiwa kwa kitu ambacho hayajathibitisha kuwa nacho, yaani hiyo dhahabu, huku utajiri wake wa kweli, ambao umo katika udongo uliochomwa na katika mikwaruzo ya misumari ukutani, ukipitwa haraka na wageni wanaotafuta mahali pa kupigia picha.

Mji wa Preslav wenyewe unahitaji kuelezwa kidogo. Boris alibatizwa katika miaka ya 860, na nchi yake ikaingia katika Ukristo wakati ibada ikiendeshwa kwa Kigiriki, lugha ambayo mkulima wa kawaida wa Bulgaria hakuielewa. Mwaka 886 wanafunzi wa Methodius, mmisionari aliyefundisha kwa Kislavoni, waliofukuzwa Moravia katika Ulaya ya Kati, walipokelewa nchini humo, wakaja na vitabu na maandishi ya Kislavoni. Mwaka 893 mambo matatu yalitokea kwa pamoja: Simeon alishika utawala, makao makuu yakahamishwa kutoka mji wa Pliska kwenda Preslav, na Kislavoni kikachukua nafasi ya Kigiriki katika kanisa na dola. Sisi tunaojua maana ya mtu kusali, kusoma na kuhukumiwa kwa lugha anayoielewa hatuna haja ya kuhubiriwa uzito wa uamuzi huo. Katika miongo iliyofuata, Preslav ulikuwa mji wa wafasiri, wanakili, wachonga mawe na wafinyanzi, na inaaminika na wengi kwamba ndipo mahali alfabeti ya Kikirili, inayotumika hadi leo Bulgaria na Urusi, ilipopata umbo lake.

Simeon alikulia kwa kiasi kikubwa Konstantinopoli, makao makuu ya dola ya Bizanti, ambako alisomeshwa. Alikuwapo huko katika miaka ambayo Kaizari Basil wa Kwanza alizindua kanisa lake lililojulikana kama Kanisa Jipya, mwaka 880. Tunapomsikia Tudor akilisifu kanisa la Simeon kwa neno hilohilo, jipya, tunaweza kuhisi kijana aliyeona jambo kubwa ugenini akarudi nyumbani na hamu ya kulifanya kwa namna yake. Nasema kwa namna yake kwa sababu jengo lililochimbuliwa Preslav halifanani na makanisa ya Konstantinopoli ya wakati ule, ambayo mengi yalijengwa kwa mpango wa msalaba uliofungwa ndani ya mraba.

Sasa naomba mniruhusu niwapitishe ndani yake, kutoka magharibi kwenda mashariki, kama alivyoingia muumini wa karne ya 10.

Jengo zima lina urefu wa mita 38.5, na kuta zake ni za mawe ya chokaa. Kwanza unaingia katika ua wa mstatili, usio na paa katikati, ambao kuta zake zimejaa vidaka. Mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa kidaka ni nini. Hapa, hata hivyo, havikuchongwa ndani ya ukuta kwa ajili ya kuweka vyombo; ukuta wenyewe unapinda, unaingia na kutoka, kimoja baada ya kingine, kiasi kwamba mtu anayezunguka ua huo haoni ubapa mrefu mahali popote. Kulikuwa pia na safu ya nguzo iliyofuata kuta hizo, hivyo kivuli cha nguzo kilianguka ndani ya kidaka, na kidaka chenyewe kikawa na kivuli chake. Mwanga wa jua ulikuwa sehemu ya pambo tangu mlangoni.

Baada ya ua unafika kwenye sebule ya kanisa, ukumbi mpana unaotangulia mahali pa ibada. Pande zake mbili ilisimama minara miwili ya duara. Ni jambo lisilotarajiwa katika nchi zilizofuata taratibu za Bizanti, na wataalamu waliposhangaa walielekeza macho mbali sana: wapo waliotaja kanisa la Karolo Mkuu huko Aachen, Ujerumani, ambalo nalo lina sehemu ya katikati isiyo ya mstatili na minara upande wa magharibi, wapo waliotaja makanisa ya mviringo ya Armenia, hasa Zvartnots la karne ya 7, na wapo waliorudi nyuma zaidi, hadi majengo ya Kirumi ya karne za mwisho yenye kuba na vidaka pande zote. Wengine hata walidai kwamba kanisa la mviringo lilikuwa la zamani zaidi kuliko Simeon. Mimi sioni sababu ya kumlazimisha fundi wa Preslav awe mwanafunzi wa mwalimu mmoja tu. Mji uliowapokea wakimbizi kutoka Moravia, vitabu kutoka Konstantinopoli, na ambao pande zake zote zilikuwa na magofu ya Kirumi, haukukosa mifano ya kuchagua.

Ukipita sebule unaingia chini ya kuba. Hapo ndipo jina la kanisa lilipotokea: chumba cha mviringo chenye kipenyo cha ndani cha kama mita 10.5, kilichozungukwa na vidaka 12 vikubwa vya nusu duara, kile cha mashariki kikiwa ndicho cha madhabahu. Mbele ya kuta, kwa ndani, zilisimama nguzo nyeupe za marumaru, nazo zikafuata hesabu hiyohiyo ya 12. Hesabu hiyo ni ya mitume, na sidhani kama kulikuwa na Mkristo aliyeingia humo asiitambue, lakini ilikuwa na kazi nyingine ambayo wanafunzi wa ujenzi mliopo hapa mtaipenda.

Kuba la mawe au matofali halikandamizi chini tu. Linasukuma kuta zake nje pande zote, na ukuta mwembamba wa mviringo ukisukumwa hivyo hupasuka kwa wima. Fundi ana njia mbili: ama aujenge ukuta mnene kupita kiasi, kwa gharama kubwa ya mawe na chokaa, ama aupinde. Ukuta uliopinda ni mgumu kama gamba la yai, nao ukipindwa mara 12, na kila mahali vidaka viwili vinapokutana pakajengwa mhimili mnene unaojitokeza nje, msukumo wa kuba hugawanywa na kupelekwa kwenye hiyo mihimili 12, nayo huushusha hadi kwenye msingi. Uzuri na uimara ulikuwa neno moja kwa mtu aliyechora mpango huu. Mwenye kutaka kujua jengo la namna hii linaonekanaje likiwa na kuta zake zote anaweza kwenda Zadar, kwenye pwani ya Kroatia, akalitazame kanisa la Mtakatifu Donato, la mviringo pia, lililojengwa mapema katika karne ya 9 juu ya uwanja wa kale wa Kirumi kwa kutumia mawe ya uwanja huohuo. La Zadar ni kubwa na zito, na lilinusurika. La Preslav lilikuwa dogo na la kifahari zaidi kwa ndani, nalo halikunusurika.

Ndani yake palikuwa na mimbari, palikuwa na mapambo ya marumaru yenye nakshi za majani na maua, na mengine yalichongwa kisha mashimo ya nakshi yakajazwa vipande vya rangi. Vipande vidogo vya mozaiki vimepatikana katika kifusi. Hayo yote ni mambo ambayo mfalme yeyote mwenye fedha wa zama zile angeweza kuyaagiza. Kilicho cha Preslav hasa, na ambacho nilikaa nacho muda mrefu nilipofika kwenye makumbusho ya mji huo, ni vigae.

Mafundi wa Preslav walichukua udongo mweupe, wakaufinyanga kuwa vigae vyembamba, wakavichora kwa rangi ya manjano, kahawia na kijani, wakavipaka maji ya kioo na kuvichoma. Vingine ni bapa, vya kuvalisha ukuta. Vingine vimepinda kama nusu ya bomba, vya kuiga umbo la nguzo. Vingine ni vyembamba na virefu, vya kuzunguka ukingo wa juu kama mkanda. Nilitazama kipande kimoja kisichozidi kiganja cha mkono. Kilikuwa na nusu ya ua lenye petali zilizochongoka, na kando yake mstari wa kahawia uliokusudiwa kuwa mpaka wa pambo. Brashi ilianza nene upande wa kushoto, ikapungua wino katikati, kisha ikawekwa tena rangi na kuendelea, na mahali palipoungwa panaonekana wazi. Mtu alinyanyua mkono wake hapo. Alichovya brashi, labda akasema neno na mwenzake, akarudi kazini. Marumaru haioneshi jambo la namna hiyo, kwa maana mchonga marumaru hufuta nyayo zake kwa kusugua. Mchora vigae huziacha, na moto wa tanuru huzifunga humo milele.

Karakana zilizotengeneza vitu hivi zilikuwa kwenye monasteri za jirani, kama ile ya Patleina, ambako mwanzoni mwa karne ya 20 ilichimbuliwa picha takatifu ya Mtakatifu Theodoro iliyotengenezwa kwa vigae 20 hivi vilivyounganishwa. Uso wake mwembamba wenye macho makubwa ndio unaojulikana zaidi katika sanaa yote ya Bulgaria ya kale. Naisifu picha hiyo kama wengine wote. Hata hivyo, nawasihi msiuache uso wa Theodoro uwafanye mvisahau vigae vya Kanisa la Mviringo visivyo na uso wa mtu, kwa kuwa katika kanisa hilo ufinyanzi haukutundikwa ukutani kama picha; ulikuwa ngozi ya jengo.

Nakuja kwenye mikwaruzo. Kwenye kuta na mawe ya kanisa hili kuna mamia ya michoro iliyokwaruzwa kwa kitu chenye ncha: merikebu, wanyama, watu watakatifu. Kuna maandishi kwa herufi za Kiglagoliti, alfabeti ya Kislavoni iliyotangulia Kikirili, za Kikirili na za Kigiriki, kuanzia herufi moja moja hadi majina ya watakatifu na vipande vizima vya maneno ya ibada. Merikebu hizo zimenishughulisha sana, kwa sababu Preslav uko zaidi ya kilomita 80 kutoka Bahari Nyeusi, na kutoka kilimani pale huoni maji mengine ila mto. Aliyezichora alikuwa amesafiri, au alikuwa anamwombea aliyesafiri. Katika makanisa mengi ya zama zile, kukwaruza ukuta hakukuhesabiwa kuwa uharibifu kama tunavyohesabu leo. Lilikuwa ombi lililoachwa mahali ambapo litasikika mara nyingi. Wasomi hutumia maandishi hayo kuonesha kwamba alfabeti mbili za Kislavoni zilitumika bega kwa bega katika mji mmoja, jambo ambalo vitabu vya kunakiliwa peke yake visingetuonesha kwa uhakika kama huo, maana vitabu vya Preslav vingi vimetufikia kwa nakala za watu waliokuja baadaye, ilhali ukuta haukunakiliwa na mtu.

Na ni ukuta huo unaotupa shida kuhusu jina. Miongoni mwa maandishi yaliyopatikana katika magofu kuna yanayotaja kanisa la Mtakatifu Yohane, lililojengwa na Pavel, mtunza hati wa kanisa. Sasa pimeni wenyewe. Tudor anasema kanisa jipya la dhahabu lilijengwa na mtawala Simeon kwenye mlango wa mto Ticha. Jiwe linasema kanisa hili lilijengwa na Pavel. Wapo wanaoupatanisha ushahidi huu kwa kusema kwamba Simeon alitoa amri na fedha, Pavel akasimamia kazi. Wapo wanaosema neno la Tudor tunalolifasiri kuwa mlango wa mto laweza kumaanisha mahali mto unapotoka milimani na kuingia bondeni, na hapo ndipo Preslav ulipo. Hoja hizi si dhaifu. Lakini Preslav ulikuwa na makanisa mengi, na mwandishi aliyelitaja kanisa bila kusema lilikuwa na umbo gani, wala limewekwa chini ya mtakatifu yupi, hakutupa haki ya kulichukua gofu zuri kuliko yote na kulibandika maneno yake. Jina la Kanisa la Dhahabu limeshika kwa sababu linapendeza mdomoni na linawafurahisha wageni. Mimi nashikilia jina la Kanisa la Mviringo, kwa kuwa hilo linaonekana kwa macho, na namweka Pavel mbele ya Simeon hadi ushahidi mwingine utakapojitokeza, kwa maana jina lake limo katika magofu yenyewe.

Mwisho wa jengo unaelezeka kwa ufupi kuliko ninavyotaka. Aprili 971, Kaizari John Tzimiskes wa Bizanti aliuteka mji wa Preslav, uliokuwa umeshikwa na askari wa Svyatoslav, mtawala wa Rus kutoka Kiev. Moto ukatumika kuwatoa waliojifungia ndani ya jumba la kifalme, na Tsar Boris wa Pili akachukuliwa Konstantinopoli pamoja na alama za ufalme wake. Mji ukapewa jina la mshindi, ukaitwa Ioannopolis. Haukurudia tena kuwa makao makuu. Kwa karne nyingi baada ya hapo mawe yaliyochongwa vizuri yalibebwa kwenda kujengea mahali pengine, kama inavyotokea kwa kila mji wa mawe ulioachwa, na udongo ukafunika yaliyobaki.

Mwaka 1927 Yordan Gospodinov, aliyeshughulikia makumbusho ya Preslav, alianza kuchimba kwenye kilima hicho, na Krastyu Miyatev akaendeleza kazi hiyo hadi 1928, kisha akaitolea kitabu kizima. Tuwape heshima yao. Walichokikuta kilikuwa kuta za chini, vipande vya nguzo na lundo la kifusi. Mpango wa vidaka 12 uliweza kusomwa kwa sababu walikuwa na subira ya kufuata msingi hatua kwa hatua na hawakukimbilia vitu vya kung'aa. Baadaye nguzo kadhaa zilisimamishwa tena mahali pake, kuta zikainuliwa kiasi ili mgeni aweze kulitambua umbo, na hivyo ndivyo gofu linavyoonekana leo: nguzo nyeupe juu ya majani mabichi, bila chochote juu yake.

Ninaposikia watu wakipendekeza kwamba kanisa la namna hii lijengwe upya hadi kwenye kuba, moyo wangu unakataa. Kimo cha kuba hilo, madirisha yake na ngazi za minara yake ni mambo ambayo kila mchoraji ameyawaza kivyake, na kila mchoro una haki ya kubaki kwenye karatasi. Ukishauweka kwa zege, mawazo mengine yote yanakufa, na mtoto atakayezaliwa hapo atadhani hivyo ndivyo Pavel alivyojenga. Yatunzwe yaliyopo: maji ya mvua yaelekezwe mbali na msingi, michoro ya ukutani ikingwe na baridi ya majira ya theluji inayopasua mawe, vigae viendelee kuunganishwa kipande kwa kipande. Kazi hiyo inatosha maisha ya watu wengi.

Kama kuna miongoni mwenu atakayepata nafasi ya kusoma au kusafiri Bulgaria, namwomba jambo moja. Asianze na kilima. Aanze na makumbusho, akae na kigae kimoja mpaka aione brashi ilipochovywa mara ya pili, kisha ndipo apande, na apande asubuhi, aingie kwa upande wa ua kama ilivyopangwa, akasimame katikati ya duara. Kidaka cha madhabahu kiko mashariki. Saa hiyo jua huwa nyuma yake, na vivuli vya nguzo vinamwendea aliyesimama pale.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.